Koti Kwenye Kiti cha Daktari

Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kulikung'uta vumbi koti jeupe na kukivisha kiti cha daktari. Mlango uliachwa wazi kidogo, ili waliokaa kwenye mabenchi waone ukosi na bega moja. "Katoka kidogo," ndivyo nilivyoagizwa kuwaambia. Mwenye koti alikuwa amehamia hospitali kubwa, na hakuletwa mwingine. Msimamizi wetu aliamini kwamba wagonjwa wakijua hatuna daktari watatukimbia, na hospitali itafungwa. Basi koti likawa ndilo daktari, na mimi wa mapokezi nikawa msemaji wake.

Siku hiyo shangazi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki, alikuja akiwa amevimba miguu. Alikaa benchi la mbele, akaukodolea macho ule mlango.

"Huyu daktari wenu," alisema, akipumzika kila baada ya maneno mawili, "ana haja gani isiyokwisha?"

Wagonjwa walicheka. Nami nilicheka, mpaka nilipoona midomo yake inageuka rangi.

Muuguzi wa zamu alimsikiliza kifua, kisha akanivuta pembeni. "Maji yamejaa mapafuni. Dawa ninayo, lakini kwa moyo huu siwezi kubahatisha. Anatakiwa daktari, na safari ya hospitali kubwa hataimaliza."

Hasira zilinipanda. Niliingia ofisini, nikakivua kiti lile koti, nikatoka nalo mbele ya watu wote, nikakimbilia kwa jirani yetu.

Nyumba yetu na ya Mama Pacha zilitenganishwa na ukuta mmoja. Mtaa mzima ulimjua kwa sauti ya kugombeza wanawe; wachache walikumbuka kwamba ni daktari, na kwamba leseni yake ilikuwa bado hai. Alipojifungua aliomba kufanya kazi asubuhi tu. Hospitali yetu ilimjibu: ama siku nzima, ama basi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini wakubwa wetu walitaka kibaba kilichojaa, la sivyo tulale njaa.

Nilimkuta anafua. Alilitazama koti, akanitazama mimi.

"Nani atakaa na watoto?"

"Mimi."

"Unawajua lakini?"

"Ninawasikia kila siku, dada. Twende."

Msimamizi alitusubiri mlangoni, mikono kiunoni. "Utaratibu haupo hivyo. Hatuajiri daktari wa nusu siku."

"Na koti je?" nilimuuliza. "Hilo mmeliajiri siku nzima."

Aliwatazama watu wa mabenchini, nao wakamtazama. Nilijua huenda ile ndiyo siku yangu ya mwisho kazini, na sikujali. Alisogea, akatupisha.

Siku hizi nina ofisi yangu ya vyumba viwili, na kazi yangu ni kuzitafutia hospitali madaktari. Nina mstaafu asiyetaka zamu za usiku. Nina mwingine anayemuuguza baba yake, hawezi kutoka kabla ya adhuhuri. Nina akina mama wengi. Msimamizi yule ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza, akaja amenuna, akaondoka na ratiba iliyojaa. Watu husema nimebahatika. Bahati gani? Nilichoka kukivisha kiti, nikaamua sitakivisha tena, na uamuzi huo naushikilia kila ninapoambiwa kwamba madaktari hakuna.

Lakini siku ile sikuwaza biashara. Nilikuwa nimekaa mapokezi na pacha wawili waliokwishagonga mhuri wa hospitali kwenye mikono yao, kwenye meza na kwenye shavu langu, huku masikio yangu yote yakiwa nyuma ya ule mlango. Nilimsikia muuguzi akisema dawa imeingia mshipani. Nilisikia kikohozi, kisha shangazi akivuta pumzi ndefu, ya kwanza nzima tangu asubuhi. Nilimkumbatia pacha aliyekuwa karibu, naye akanigonga mhuri mwingine.

Nilipochungulia, Mama Pacha alikuwa amekunja mikono ya lile koti, maana lilimzidi, na vidole vyake bado vina povu la sabuni kwenye kucha. Shangazi alimshika kiganja.

"Daktari," alisema, na safari hii hakupumzika katikati, "siku zote hizi ulikuwa umekwenda wapi?"

"Nilikuwa nyumbani, mama. Hapo tu, nyuma ya ukuta wenu. Hakuna aliyebisha hodi."