Vyumba vya Akiba

Sista Dorca hakupiga simu kusalimia. Alipiga kusema kwamba friji ya chanjo katika zahanati yao ya Nyalenda ilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa mezani, na kile kidude cha Hadiya kilichobandikwa mlangoni kilikuwa kinaonyesha nyuzi tano, taa ya kijani, salama salimini.

"Hii mashine yako inasema tano tangu juzi," alisema. "Mimi nikaamini. Jana nimedunga watoto na hiyo dawa, nyathina, mwanangu. Sasa nitaambia mama zao nini?"

Hadiya aliweka kikombe chini, akachukua kompyuta yake na waya, akatoka. Hakuaga mtu. Njia nzima nyuma ya pikipiki alikuwa akijiambia kwamba ni waya umelegea, au kihisi kimekufa, kitu chochote ambacho mtu anakitengeneza na kurudi nyumbani. Chanjo iliyopata joto haimdhuru mtoto. Inamwacha bila kinga huku mama yake akiamini anayo, na hilo ni baya kuliko kukosa chanjo, kwa sababu aliyekosa hurudi tena kesho kuitafuta. Zahanati zote za pwani hii ya ziwa zilizopokea vidude vile zilikuwa zinaziamini friji zao kwa neno la Hadiya. Kimoja kikidanganya, vingine navyo ni nani atavidhamini?

Alikuta akina mama wamejaa kwenye benchi, watoto mapajani, na Dorca amesimama mbele ya friji kama askari mbele ya benki. Alikuwa ameifunga kwa plasta ya hospitali ili mtu asichukue kitu. Hadiya alikichomoa kidude, akakaa kwenye meza ya kupimia uzito, akaifungua kumbukumbu yake.

Kumbukumbu yenyewe haikuwa ya kifahari. Ilikuwa chipu tupu, ya bei rahisi, isiyo na akili yake yenyewe ndani. Ukitaka kuielewa, fikiria nyumba za kupanga za huko huko Nyalenda: vyumba vingi vya mabati, vyote sawa. Huwezi kufuta ukuta mmoja. Ukitaka kuandika upya, unafuta chumba kizima, na kila kinapofutwa kinachakaa kidogo, mpaka siku moja kinakataa kabisa. Kwa hiyo mfumo unaoisimamia chipu unafanya kazi ya msimamizi wa ploti, kama wakazi wanavyoziita nyumba hizo. Anawahamisha wapangaji, yaani taarifa zilizoandikwa, ili chumba kimoja kisichakae kabla ya vingine, anajua nani yuko wapi, na chumba kikifa anakipiga kufuli na kumpeleka mpangaji kwenye chumba cha akiba. Mpangaji wala hajui amehama.

Vyumba hivyo vya akiba Hadiya alivitenga kwa mkono wake. Kwenye chipu alichora ploti mbili tu, moja ya programu na moja ya rekodi za joto, kisha akaacha vyumba vya kutosha vitupu. Kahiga, mshirika wake, alikuwa akimcheka kwamba anaacha shamba zuri liote nyasi. Yeye alimjibu kwa neno la marehemu baba yake, Saleh, fundi redio wa Kaloleni ambaye hakuwahi kutupa hata skrubu: akiba haiozi.

Sasa alitazama kioo cha kompyuta na akiba haikuwepo. Si kwamba ilikuwa imetumika. Vyumba vilivyokufa vilikuwa vichache, kama inavyotarajiwa kwa chipu ya bei ile. Lakini kilipokufa cha mwisho, msimamizi hakuwa na pa kumpeleka mpangaji, akafanya alichofundishwa kufanya: akafunga lango. Kusoma ruhusa, kuandika marufuku. Na Hadiya mwenyewe, kwa maringo yake ya ufundi, alikuwa ameagiza kioo cha kidude kionyeshe tu kile kilichokwisha kuandikwa. Basi kidude kilibaki kikisoma joto la juzi, na lile la leo hakina pa kuliweka.

Vyumba vilikwenda wapi? Hapo ndipo alipoiona ploti ya tatu.

Hakuichora yeye. Ilikuwa na jina la upole, "matunzo", na ilikuwa imekalia akiba yote. Aliifungua akidhani ni kosa, faili za majaribio zilizosahauliwa. Akakuta mfumo mzima umelala mle ndani, umekamilika, unasubiri amri moja tu uamke na kuifuta ploti ya programu yake. Ulifanya yote ambayo wake ulifanya, tena kwa mistari yake mwenyewe, neno kwa neno, mpaka na mzaha aliowahi kuuandika pembeni. Kilichobadilika ni sura inayotokea kidude kinapowashwa. Palipoandikwa majina yao wawili paliandikwa jina la kampuni asiyoijua, na chini yake, Kahiga peke yake.

Dorca alimuuliza kama ni umeme. Hadiya alisema si umeme.

Lazima niseme kuhusu funguo, kwa sababu wizi huu haukuvunja mlango. Hadiya na Kahiga walisoma pamoja Maseno, na tangu siku ya kwanza ya kazi walijiwekea sheria waliyoiita mkono wa pili. Hakuna programu inayoingia kwenye kidude chochote mpaka wote wawili waitie sahihi, kila mmoja kwa ufunguo wake, kidude kidogo kama kidole kinachochomekwa kwenye kompyuta. Mmoja akiandika, mwingine anasoma ndipo anatia mkono. Ilikuwa sheria nzuri. Iliwaokoa na makosa mengi, na iliwafanya waaminiane, maana mtu anayesoma kazi yako yote anakujua kuliko ndugu.

Kisha Mzee Saleh akafa. Kahiga, mtoto wa kanisani, alifika Kaloleni kabla ya majirani wengine. Alitia bega kwenye jeneza mpaka makaburini. Alikaa kwenye mkeka na wanaume wasiomjua, na Mama Mariamu, mjane, alimshika mikono akamwita mwanangu. Wiki ile zahanati zilihitaji marekebisho madogo, na Hadiya, macho yamevimba, alimpa ufunguo wake. Alimwambia asome mwenyewe na atie mikono yote miwili. Kahiga alikataa kuuchukua bure. Alitoa na wake, akamwekea Hadiya kiganjani, akasema, basi tubadilishane, tuwe sawa. Baada ya matanga alimrudishia Hadiya wa kwake. Wake mwenyewe alimwachia. Alisema anao wa pili, huo akae nao.

Hadiya alizilinganisha tarehe za faili zilizokuwa ndani ya "matunzo". Zote zilikuwa za siku moja. Siku ya hitima ya baba yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na husema kwa wepesi kwa sababu hawajawahi kuvua nguo wakamkuta. Hadiya alitoka nje ya zahanati na kidude mkononi, akaipita foleni ya madebe kwenye bomba la maji, akaita pikipiki.

Karakana yao ilikuwa Kibuye, ghorofa ya juu ya duka la vipuri la mama yake Kahiga. Alimkuta anachomelea waya, redio inaongea Dholuo, lugha aliyoijua Kahiga kuliko Kikuyu cha wazazi wake. Hadiya aliweka kidude mezani. Kioo bado kilisema tano. Kahiga alikitazama, akamtazama yeye, na hakuuliza kimeharibika nini. Kama angeuliza, pengine angemwachia Hadiya nafasi ndogo ya kujidanganya.

"Umeingia ndani," alisema.

"Nimeingia nyumbani kwangu. Nimemkuta mtu amelala."

Hapo Kahiga akaanza kueleza, na alieleza vizuri, kama mtu aliyefanya mazoezi. Binamu yake Chege wa Nairobi ana watu wenye mtaji, na watu wa mtaji hawataki kampuni ya vichwa viwili. Angemwambia. Alikuwa anasubiri mkataba wa zahanati uongezwe siku ya Ijumaa, halafu amwite, ampe kazi nzuri, mshahara, bima. Hiyo kitu haikuwa ya kumuumiza. Mfumo wake mpya haukupata nafasi kwenye ploti zile mbili, ndiyo maana akagusa akiba, na kusema kweli hakufikiri vyumba vingekufa haraka hivyo. Alisema "kusema kweli" mara kadhaa.

Hadiya alimwacha amalize. Alikuwa na swali moja tu, na jibu lake alikuwa nalo tayari, ila alitaka kulisikia kwa sauti ya mwenyewe.

"Siku ya hitima, ulitoka kwetu ukaenda wapi?"

Kahiga alizima redio. "Nilikuja hapa."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

Hadiya alikumbuka mkebe wa pilau. Mama yake alimfungia Kahiga mkebe mzima siku ile, akaufunika na kitambaa, kwa sababu kijana anakaa peke yake na amechoka kwa ajili yao. Kumbe aliula hapa, kwenye meza hii, huku akiutia mkono wa Hadiya kwenye karatasi ya kumfukuzia. Hapo ndipo alipolia. Hakujificha, wala hakujali kwamba Kahiga anamwona.

Alipomaliza alimwambia kinachotakiwa. Ploti ya tatu ifutwe kwenye vidude vyote leo, vyumba virudi akiba, malango yafunguke. Amri ya kufuta inahitaji mikono miwili. Atie wake.

Kahiga aliomba mpaka Ijumaa. Wakituma marekebisho sasa, wakubwa wa afya watauliza sababu, na Chege atarudi nyuma. Vidude vichache vikisinzia si mwisho wa dunia; manesi wana mikono, wanaweza kupapasa friji. Si Dorca amegundua mwenyewe? Alichukua koti lake, akasema wataongea akili zikitulia, akashuka ngazi.

Hadiya alibaki na meza. Kwenye droo yake, ndani ya kisanduku cha kiberiti, ulikuwepo ufunguo wa Kahiga, haujaguswa tangu matanga. Angeweza kumaliza kazi pale pale. Lakini kutumia mkono wa mtu bila yeye kujua ndiko kulikomfikisha hapo, na hakutaka kuwa wa pili kufanya hivyo. Alimwandikia ujumbe: Rudi utie mkono. Watoto hawasubiri Ijumaa.

Alingoja. Chini, mama yake Kahiga alikuwa akimbembeleza mteja juu ya bei ya breki. Simu ilitikisika.

"Tumia wangu, unao," Kahiga aliandika. "Najua hujawahi kuugusa."

Hadiya aliusoma ujumbe ule mpaka maneno yakapoteza maana, kisha yakairudia. Kahiga alijua. Miezi yote hiyo alijua ufunguo wake uko kwenye droo ya Hadiya, na kwamba kwa ufunguo ule Hadiya angeweza kuingia popote na kuona kila kitu, na hakupata hata siku moja ya wasiwasi. Hakumwachia kwa ukarimu wala kwa kusahau. Alimwamini. Alimwamini kuliko Hadiya alivyowahi kuaminiwa na mtu, na juu ya uaminifu huo wa Hadiya ndipo alipojenga ile ploti yake. Afadhali angemdharau.

Hadiya alichomeka funguo zote mbili. Alitia mkono wake, akatia na wa Kahiga, akatuma. Kidude cha mezani kilikuwa cha kwanza kuitikia: "matunzo" ikatoweka, vyumba vikarudi akiba, lango likafunguka, na ile tano ya juzi ikafutika, likawekwa joto la karakana, taa nyekundu, kelele. Kisha vingine vikafuata, vya Obunga, vya Maseno, vya ufuoni, kimoja kimoja. Vingi vilikuwa vizima. Viwili vilianza kulia papo hapo, na Hadiya alizipigia simu zahanati hizo mbili, akawaambia wafunge friji wasimchanje mtu.

Cha Dorca alikirudisha mwenyewe. Dorca alikuwa amebadilisha viatu. Alikuwa anatoka kuwafuata mama wa watoto wa jana, nyumba kwa nyumba. Hadiya alimwambia kosa ni la kwao, la karakana, na atakwenda naye kulisema. Dorca hakumwambia kwamba si neno. Alimpa mfuko wa kadi za kliniki aubebe, wakatoka.

Walikuwa kwenye uchochoro wa tatu au wa nne mama yake alipopiga. Mwaka wa Mzee unatimia Jumapili, alisema Mama Mariamu, na watasoma dua nyumbani. Alitaka kujua watu watakuwa wangapi apime mchele, na Hadiya amkumbushe Kahiga asichelewe, maana mara hii atamfungia mikebe miwili.

Dorca alikuwa ameshabisha hodi kwenye mlango wa mabati. Ndani mtoto alikuwa anacheka.

"Pima mchele, Mama," alisema Hadiya. "Lakini wa Kahiga usiupime."

Mama yake aliuliza kama kijana anaumwa. Mlango ukafunguliwa, na Hadiya akasema atamweleza akirudi.