Imalizeni Dawa ya Ghala

Mahindi yaliyolala katika ghala lile la mabati, juu ya kilima upande wa Mbuba, hayakuwa ya mtu yeyote wa pale. Yalikuja kwa meli kutoka mbali, yakapanda malori, yakapita Nyakanazi na kuchukua vumbi lake, ndipo yakafika kuwalisha wakimbizi Warundi waliokuwa kambini. Wenyeji waliambulia kazi tu: kubeba, kulinda, kufukiza na kufagia.

Dafroza alikuwa mfagiaji. Ujira wa ufagio ulikuwa mdogo, lakini wanawake walikuwa na haki moja ambayo hakuna bosi aliyethubutu kuigusa: punje zilizomwagika sakafuni zilikuwa zao. Ziliitwa mafagio. Mwanamke alizizoa, akazipepeta, akazifunga kwenye pindo la kanga na kwenda nazo nyumbani. Aron, mtoto wa pekee wa Dafroza, alikuwa amekuzwa na mafagio.

Mumewe, Ildefonce, alikuwa mkuu wa wafukizaji. Kazi yake ilikuwa kuua dumuzi wanaotoboa mahindi. Magunia yalifunikwa turubai, pindo zake zikagandamizwa kwa mifuko ya mchanga, kisha Ildefonce akavaa maski, akaingia na kuifungua mikebe ya dawa. Dawa hiyo ilikuwa gesi isiyo na rangi wala harufu. Ulijua imefanya kazi pale ulipokuta mijusi imelala chali na panya wamekauka wakiwa wamefumbua macho.

Tangu mvua za vuli, Dafroza alikuwa akimwangalia mumewe kwa jicho la pembeni. Kwanza alianza kujikwaa mahali pasipo na jiwe. Kisha kikombe cha chai kikawa kinamponyoka. Ildefonce alikuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye hata pombe ya rubisi harusini hakuonja, lakini sasa alipopita langoni alipita kama anayetoka kilabuni.

Nshoma, mlinzi wa lango, hakumwacha. Yeye alisoma Mwanza, na alijivunia Kiswahili chake kilichonyooka. Siku nzima alikaa kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza kwenye mabati ya ghala, akiwakagua wapitao kwa maneno.

"Mzee wa kanisa, leo divai imebaki kiasi gani?"

"Mungu akusamehe, Nshoma. Nimechoka tu. Kalibu nitapumzika."

"Kalibu!" Nshoma akapiga paja kwa kicheko. "Nyie Wahangaza na hiyo herufi, mtakufa hamjapatana nayo."

Watu walicheka, kwa kuwa utani huo ulikuwa wa kila siku. Nani pale hakuchanganya r na l? Dafroza peke yake hakucheka. Mumewe alikuwa msomaji wa kanisani. Alikuwa amejifunza kuzitenganisha herufi hizo kwa miaka, akisoma Waraka kwa Warumi kwa sauti mbele ya kioo, na kila Jumapili alizitamka kama anayekunja chuma. Sasa zilikuwa zinamtoroka. Juzi alimwita, "Dafloza," na hakusikia kosa lake.

"Baba Aron, acha kazi hii," alimwambia.

"Nikiacha, Aron atasoma kwa fedha gani?"

Ndipo alipokuja Bwana Bulugu, mtaalamu wa serikali, Msukuma mpole mwenye sauti ya kicheko. Aliwakusanya wafanyakazi wote kivulini mwa ghala.

"Huko juu kabisa," alisema, "kuna tabaka linaitwa ozoni. Linatukinga na ukali wa jua. Dawa yenu hii ikipanda inalitoboa. Kwa hiyo nchi zimekubaliana kuiondoa hatua kwa hatua, na kila mwaka kila nchi inatoa taarifa: tumetumia kiasi hiki, tumepunguza kiasi hiki. Nchi yetu haitaki kuvuta mkia."

Kankindi, mfagiaji mwenzake Dafroza, mkimbizi aliyeruhusiwa kufanya kazi nje ya kambi, akainua mkono. "Kwa hiyo nchi zinapelekeana habari za tundu la mbinguni?"

"Ndiyo, mama."

"Na haya matundu ya turubai letu, habari zake tupeleke wapi?"

Kicheko kikapasuka. Turubai lilikuwa limechanika pembeni, watu walishakata vipande vya kuezekea. Bulugu naye akacheka. "Hayo mwambieni bosi wenu. Mimi nikirudi, nataka hapa pasome sifuri. Kuna dawa nyingine itakuja. Hii imalizeni."

Ildefonce akasimama, akashika nguzo. "Mzee, tuimalize yote?"

"Yote. Usibaki hata mkebe mmoja."

"Hata kama magunia ni machache?"

Bulugu alikwisha kushika mlango wa gari. "Yakiwa machache si ndiyo rahisi zaidi? Imalizeni!"

Mtu aliyefurahi kuliko wote siku hiyo alikuwa Dafroza. Alirudi nyumbani miguu myepesi. Dawa ikiisha, kazi imeisha. Kazi ikiisha, mume wake amepona. Jioni alimtengea ugali na kuketi karibu naye.

"Ikiisha utaacha kweli?"

"Nitaacha. Tutakwenda Mulusagamba kwa mama yako, tulime mahalage."

Mahalage. Dafroza akamsogezea sahani. "Sasa si uitupe tu, baba Aron?"

"Niitupe wapi? Kisimani? Shambani kwa mtu? Nimeambiwa niimalize. Kitu cha kumalizwa kinatumiwa mpaka kiishe."

Dafroza alilijua hilo. Kwao, pombe ya msibani hunywewa mpaka mtungi ukauke, na sahani ya mgeni hairudi na tonge. Kumaliza kulikuwa kumaliza.

Siku ya kufukiza, upepo ulikuwa umesimama kabisa. Hata migomba ya bondeni haikutikisa jani. Ildefonce alitazama mikebe yote iliyobaki, iliyokusudiwa ghala lililojaa, kisha akatazama kile kirundo kidogo cha magunia. Maski yenye kichujio kizima ilikuwa moja. Akawaambia wenzake wabaki nje.

Dafroza na Kankindi walikaa mbali, chini ya mti wa msonobari, fagio zikiwa magotini. Walimsikia akikohoa ndani. Kisha kimya. Kankindi alikuwa anasimulia habari za jirani yake kambini, akakatisha katikati.

Mbayuwayu waliojenga chini ya paa walikuwa wanaanguka. Mmoja alianguka, akafuata mwingine, bila kupiga bawa, kama matunda mabovu.

"Mama Aron," Kankindi akanong'ona, "yule bado yumo?"

Dafroza alikwisha kuinuka. Kabla hajafika, mlango ulifunguka. Ildefonce alitoka akiyumba, akaivua maski, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Loo, leo mzee ameimaliza na mashapo!" Nshoma akapaza sauti kutoka kwenye kigoda chake. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Dafloza," Ildefonce alisema, "nimemaliza. Mbona mko Dafloza wawili?"

Kwenye zahanati walimnusa mdomo kwanza, wakashangaa kutokuta pombe. Mwili ulimtetemeka usiku kucha na kutwa iliyofuata, na wakati gari la kumpeleka hospitali likiendelea kutafutwa, akakata roho. Walimzika kwenye migomba ya bondeni, nyuma ya nyumba.

Bwana Bulugu alirudi kama alivyoahidi. Alikuta stoo ya dawa tupu, akasugua viganja kwa furaha.

"Na mikebe yenyewe iko wapi?"

"Imekuwa koroboi kambini," Kankindi akajibu, akitazama chini. "Mingine inapimia chumvi sokoni."

"Haidhuru. Nani aliyeisimamia kazi hii? Nimpe mkono."

Dafroza alisogea mbele. "Shikamoo, mzee. Ni mume wangu aliyeimaliza."

"Marahaba, mama. Yuko wapi?"

Akanyoosha ufagio kuelekea migombani. Bulugu alitazama huko kwa muda mrefu, akimtafuta mtu akitembea, mpaka alipoona namna watu walivyoinamisha vichwa.

"Lakini mimi nilisema muache kuitumia," alisema taratibu.

"Ulisema tuimalize."

Bulugu akafungua daftari lake, akaandika. Kilichobaki ghalani kilikuwa sifuri, na sifuri hiyo ilikuwa ya kweli. Taarifa ingekwenda mkoani, ingekwenda Dar es Salaam, ingevuka bahari, na huko nchi zingeambiana kwamba mbingu inapona.

Gari lilipoondoka, Dafroza aliingia ndani kufagia zamu yake. Hakuna dumuzi aliyetembea. Alikusanya punje mpaka zikawa fungu zuri, jeupe, kubwa kuliko la siku nyingine zote. Akalitazama. Kisha akaegemeza ufagio ukutani, akatoka, kanga yake haina fundo.

Nshoma alikuwa mahali pake, mgongo kwenye mabati. Tangu msiba hakumtania mtu. Alipomwona anapita mikono mitupu, alijaribu kuinuka kwa heshima, akashika ukuta, akakosa, akashika tena.

"Mama Alon," alisema, "kwaheli."

Dafroza akasimama palepale. Nshoma alikuwa anamtazama kwa upole, akisubiri kujibiwa, hajasikia kosa lake.