Poti ya Udongo

Mjukuu wangu ana jina langu, Asimina, kama desturi yetu inavyotaka, lakini siku zote alizokaa kwangu hakukubali kunishika mkono. Ana miaka mitatu. Alizaliwa Melbourne, na Kigiriki chake kilikuwa cha maneno machache: maji, mkate, bibi, mtoto, na lile alilolitumia kuliko yote, sitaki. Nikimnyooshea mkono tushuke ngazi, sitaki. Nikiinama nimfunge viatu, sitaki. Baba yake, mwanangu Stratis, aliniambia nisimlazimishe. Nikamjibu kwamba mkono ulionyooshwa haumlazimishi mtu. Ikafika siku yao ya mwisho, kesho yake walikuwa wanaondoka, na nilijua kwamba wakipanda ndege kabla sijaushika ule mkono, nitakaa mwaka mzima nikiufikiria, pengine miwili.

Sikuwa nimepanga kwenda makumbusho. Nilikuwa nimepanga kufua nguo zao na kupika biringanya za nyama. Stratis ndiye aliyeuliza, huku akinywa kahawa, kama kile kiti bado kipo. Hakuhitaji kueleza ni kiti gani.

Watoto wangu walikulia kwenye makumbusho ya soko la kale, zile Jumapili za baridi ambazo watu huingia bure. Nyumba yetu ya Petralona ni ndogo, na mvua ikinyesha watoto lazima wapelekwe mahali. Mume wangu Menelaos alikuwa dereva wa basi, na alipenda marumaru: vijana wasio na pua, farasi wasio na miguu, wanawake waliochongwa hadi nguo inaonekana imelowa. Alikuwa anaweza kusimama mbele ya kichwa kimoja mpaka watoto waanze kupigana. Mimi napenda udongo. Nina diploma ya lishe na nimepika chakula cha wagonjwa maisha yangu yote, kwa hiyo nikiona jiko la mkaa la enzi zile, lenye vishikio vilivyowekwa mahali pake hasa, naona mtu aliyejua kazi. Na mitungi yao. Mstari mmoja wa brashi, haukurudiwa, na tayari ni shavu la msichana. Menelaos alikuwa akinitania kwamba nimekuja kukagua vyombo.

Mahali petu sote palikuwa kwenye kabati moja la kioo. Ndani yake mna kile kiti, poti ya udongo ya mtoto kujisaidia: bakuli kubwa juu ya shina pana, lenye tundu la mbele la kupitishia miguu na tundu la chini mnajua la nini. Kando yake pana picha ya mtoto aliyekaa ndani, miguu inaning'inia. Kila mtoto wangu alipofika umri wa kuvuliwa nepi, Menelaos alimnyanyua pale na kumwambia amtazame mwenzake, alivyokaa vizuri bila kumsumbua mama yake. Stratis hakujali picha. Alikitazama kiti kitupu, akaanza kulia.

"Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

"Ameshakua," baba yake akamwambia. "Ameenda zake."

Tangu nilipomzika Menelaos sikuwa nimekanyaga pale. Nilikuwa na sababu nyingi, za magoti na za joto.

Basi tukaenda. Njiani mtoto alikaa mabegani mwa baba yake, akila mkate wa ufuta wa mviringo kama pete na kuninyunyizia ufuta wake kichwani. Ndani, Stratis alitembea polepole mno. Alisimama mbele ya kile kichwa cha marumaru alichokipenda baba yake, akakaa hapo hadi nikamwambia tuendelee, mtoto atachoka. Kusema kweli nilikuwa nachoka mimi, na si miguu.

Kabati lilikuwa palepale. Stratis akamnyanyua binti yake, akamwonyesha, akatoa simu apige picha. Mtoto akakitazama kiti, akaitazama picha, akaelewa kila kitu bila kuambiwa. Kisha uso wake ukabadilika. Baba yake akadhani amefurahi.

"Mshushe," nikamwambia.

"Subiri, Mama, anacheka."

"Hachekei chochote huyo. Mshushe kabla hajakulowesha."

Akamshusha. Nikanyoosha mkono kama nilivyokuwa nikinyoosha siku zote, na safari hii vidole vyake vikaingia ndani ya vyangu, vikabana. Hapakuwa na muda wa kushangaa. Choo kiko mwisho wa ukumbi wa nguzo, nilikimbilia pale na watoto wengine kabla yake, na magoti yangu yalikumbuka njia kuliko nilivyotarajia. Mlinzi mmoja akainuka kitini mwake.

"Bibi, humu hatukimbii."

"Mwambie huyu," nikamjibu, tukapita.

Tulifika wakavu. Kiti cha choo kilikuwa kirefu kwake, nikamshika chini ya kwapa, naye akanikumbatia shingo na kunipumulia ufuta sikioni. Nikamwambia yale maneno ya babu yake, kwamba amekaa vizuri na hajamsumbua mtu. Akaitikia kwa lugha yake, kwa kirefu, kwa uso wa mtu anayetoa ripoti. Tulinawa. Nilipofungua mlango, aliniletea mwenyewe mkono wake, ukiwa bado na maji.

Stratis alikuwa akitungojea penye kabati. Mtoto akanivuta hadi kwenye kioo, akaninyooshea mikono yote miwili. Mgongo wangu haunyanyui tena watoto wa kilo kumi na tano, lakini nilimnyanyua. Akabandika kiganja juu ya kioo, akakitazama kile kiti kitupu, akanigeukia.

"Bibi. Mtoto?"

Nilimwona Stratis akigeuka haraka kutazama jagi ambalo halikuwa na picha yoyote.

"Ameshakua," nikamwambia. "Ameenda zake."

Akafikiri. Kisha akataka mkate mwingine.

Tulirudi kwa treni, yeye katikati, mkono mmoja kwa baba yake na mwingine kwangu. Nguo zao sikuzifua. Stratis alizifunga chafu hivyohivyo ndani ya begi, nami nikakaanga mayai.