Ruthu na Mishi wa Bahi

Jumamosi hiyo asubuhi Loisi alikuwa anatia zipu kwenye gauni la mteja, katika chumba chake cha ushonaji pale Chamwino. Redio ilikuwa juu ya kabati la vitambaa. Mtangazaji Brighton alikuwa amewaomba wasikilizaji wamtajie waimbaji wa asili waliokuwa wakiimba wawili wawili, wale ambao sifa zao hazikuvuka kijiji chao. Mtu mmoja alitaja ndugu wawili wa Mpwapwa na marimba yao. Mwingine akataja mtu na mkewe wa Kongwa, akacheka mwenyewe kwa kuwakumbuka. Loisi alisahau kabisa cherehani.

"Hakuna atakayewataja Ruthu na Mishi," alimwambia mumewe Gideoni, aliyekuwa anakunywa chai mlangoni.

"Si uwataje wewe?"

Akapiga. Simu ilikuwa inatumika, akapiga tena, ikawa inatumika, akaendelea kung'ang'ania mpaka akasikia sauti ya Brighton sikioni na ile ile ya kabatini zikigongana.

"Punguza sauti ya redio, mama."

Gideoni aliinuka akaipunguza. Loisi akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyomjia. Alizaliwa Bahi. Miaka ile ya themanini, yeye akiwa mtoto, palikuwa na wasichana wawili. Ruthu, Mgogo, alipiga zeze wakati zeze likihesabiwa kuwa la wanaume, na aliyemcheka alipigiwa zeze hilo hilo mpaka akanyamaza. Mishi, Msandawe, alikuja na baba yake mfuga ng'ombe kutoka upande wa Kwa Mtoro. Yeye aliimba, na katikati ya mistari alitia ile milio ya ulimi ya lugha yao, ikidunda kama bisi kwenye kikaango.

"Tulikuwa tukiwasikia tunatoka kwenye majaruba ya mpunga mbio, matope mpaka magotini," alisema Loisi. "Halafu Mishi akaolewa, akahamishwa. Hatukumsikia tena."

"Unakumbuka wimbo wao wowote?"

Loisi akaimba. "Bahi imejaa maji, kambare kaja mlangoni." Alianza chini mno, kisha sauti ikakaa sawa. Mteja wa gauni alikuwa amefika, akasimama nje kusikiliza.

Brighton alimshukuru, akapokea simu nyingine. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyuma yake mafuta yakichachatika.

"Huyo mama wa Chamwino amekosea," ilisema. "Kambare hakuja mlangoni. Kambare aliingia jikoni."

"Wewe umeujuaje wimbo huo, mama?"

"Niliutunga mimi." Na hapo hapo ukatoka mlio wa ulimi, mmoja, halafu mitatu ya haraka.

Loisi alishika meza kwa mikono miwili. "Ni yeye. Gideoni, ni Mishi. Nipe simu yako."

Kwa simu ya mumewe alimpigia Ruthu, ambaye bado alikuwa Bahi akilima mpunga na hakuwa na habari ya kipindi chochote. Kwa simu yake mwenyewe aliwapigia tena redioni, na safari hii aliyepokea, alipojua ni nani, alimwingiza moja kwa moja hewani, ambako Mishi alikuwa bado hajakata simu. Loisi akaziweka simu mbili mdomo kwa sikio, Gideoni akaziegemeza kwa mkasi na boksi la vifungo zisianguke.

"Shikamoo dada Ruthu. Mishi yuko redioni."

"Mishi gani? Niliambiwa alikwenda Kigoma, akafia huko."

"Mimi niliambiwa wewe ndiye uliyekufa," ilisema sauti ya Mishi, ndogo, ikipita simu baada ya simu.

 

"Mwulizeni," alisema Ruthu, "tulipokuwa tunapiga, alikuwa anakaa upande gani wangu."

"Kushoto," Mishi alijibu. "Kulia upinde wa zeze ulikuwa unanichoma mbavu, na wewe hukuwahi kuomba radhi."

Ruthu alicheka, kicheko kikageuka kuwa kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko. "Uko wapi, mdogo wangu?"

"Mtera. Nakaanga samaki hapa barabarani, karibu na bwawa."

"Kesho nakuja."

Gideoni alikuwa na kirikuu chake, kigari kidogo cha kubebea mizigo. Kesho yake walitoka na Loisi alfajiri, wakamfuata Ruthu Bahi, wakageuza kurudi Dodoma mjini, wakashika barabara ya Iringa. Ruthu alikaa katikati yao amepakata zeze, kamba zake amezikaza upya. Njia nzima alikuwa akiuliza kama wamekaribia, na Loisi alikuwa akijibu ndiyo hata pale ambapo hawakuwa wamekaribia.

Mishi walimtambua kwa kile kimo chake kifupi. Alikuwa amesimama mbele ya karai la perege, mtandio umefungwa nyuma ya shingo. Aliliona zeze kabla ya kumwona mwenye zeze.

"Mbukwa," alimsalimu Ruthu kwa Kigogo. "Ngoja nigeuze samaki hawa, wasiungue."

Akawageuza mmoja mmoja. Mafuta yakaruka. Alipomaliza akajifuta, wakakumbatiana na zeze likiwa katikati, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia.

"Umezeeka," Ruthu alisema.

"Meno ya mbele yameondoka. Ule mlio wa mbele siupati tena vizuri. Nimehamia wa pembeni."

"Basi nitakupa nafasi zaidi."

Walikaa kwenye benchi la wateja, Mishi kushoto. Ruthu akavuta upinde. Mara ya kwanza hawakukutana, Mishi aliingia mapema. Mara ya pili Ruthu akakawia. Mara ya tatu sauti zikashikana, na Loisi akahisi nywele zikimsimama mikononi. Abiria wa basi lililokuwa limesimama walianza kushuka, dereva akiwaita bila mafanikio, mpaka naye akashuka. Mama mmoja aliyeuza dagaa alisogeza mabega yake sawa na ya Loisi, wakayatetemesha pamoja mbele ya benchi kwa mtindo wa Kigogo, Loisi akiwa na kitambaa chake cha kichwani, kile cha Jumapili kanisani.

Wimbo ulipokwisha Ruthu hakupumzika. "Una mpya?"

"Ninazo nyingi. Nimekuwa nikiwaimbia samaki."

Mwezi ule Brighton aliwaalika studioni wakaimba hewani saa nzima. Kwenye mavuno ya mpunga, Mishi alifunga banda lake akaenda Bahi, akakaa kwa Ruthu mpaka gunia la mwisho likaingia ndani. Jioni watu walikuwa wakitoka majarubani na matope yao kuja kuwasikiliza, wazee kwa vijana, na wengi hawakunawa kwanza.