Pijo ya Rangi Mbili

Topista alikuwa hawezi kupita karibu na kitu chenye vumbi bila kukigusa kwa kidole. Aliwahi kupangusa kiti cha katekista katikati ya sala, na katekista mwenyewe akiwa amekikalia. Kwa miaka tisa alipiga polishi makabati katika karakana ya samani ya Mzee Kantilal, mjini Jinja. Mzee alipochoka na mbao na kufungua duka la rangi na vipuri, Topista alihamishia mikono yake kwenye magari. Alisimamisha banda la mabati mtaani Nalufenya, akaweka pipa la maji, rafu ya makopo na ndoo mbili.

Ndoo hizo mbili ziliwachekesha sana vijana waliokuwa wakioshea magari mtoni.

"Mama, gari moja ndoo mbili? Hiyo nyingine ni ya kuoga?"

"Moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa," aliwajibu. "Ninyi mnachota mchanga mnaurudisha juu ya rangi, halafu mnashangaa gari linakwaruzika kama limepita kwenye miiba."

Alikuwa na sheria zake. Gari lioshwe kuanzia juu kwenda chini. Sabuni ya kufulia nguo ibaki kwenye nguo. Lami iliyoganda itolewe kwa mafuta ya taa kidogo, tena pole pole. Na kila alipomaliza kuosha alivaa mfuko wa plastiki mkononi, ile kaveera nyepesi ya dukani, akapapasa bati lote. Kwa sababu isiyoelezeka, mkono uliovaa kaveera husikia chembe ambazo mkono mtupu hauzisikii. Wateja waliomkuta akilipapasa gari huku amefumba macho walidhani anaomba dua.

Alhamisi moja ya mwaka tisini na sita, Afande Gaster alisimamisha gari lake kuukuu, Pijo, mbele ya banda. Alikuwa askari magereza mstaafu kutoka Lira, mjane wa miaka sita, mrefu, na Kiswahili chake cha kambini kilimfanya asikike anatoa amri hata anapoomba chumvi.

"Nyabo, mama! Gari hii ing'ae. Jumamosi saa nne niko Wanale, kwa shangazi zake Nafuna."

"Nafuna ni nani?"

Sauti ya Afande ilishuka ghafla. "Ni mwalimu. Tulikutana kwenye harusi huko Mbale. Shangazi wanataka kuniona kwanza, kabla sijaleta wazee."

Topista alilizunguka gari. "Rangi yake ni ipi?"

"Unaiona. Kijivu."

Topista alifungua kifuniko cha tangi la mafuta, pale jua lisipofika, akatazama. "Afande, gari lako ni la kijani."

"Miaka kumi na moja naendesha gari hii! Ni kijivu!"

Ilibidi atoe kadi ya gari, aishike mbali na macho kama wafanyavyo wasiotaka kununua miwani, asome mwenyewe. Kijani. Alitazama Pijo, akatazama kadi, akaondoka kwa miguu bila kuaga.

Kesho yake asubuhi Topista aliosha, akakausha kwa ngozi laini, akabandika utepe wa karatasi wenye gundi kuanzia katikati ya boneti, juu ya paa, hadi nyuma. Kivuli cha banda kilikuwa upande wa kushoto. Upande wa kulia ulipigwa na jua, na kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, ikipakwa juani hukauka ikashika kama uji uliogandia sufuria. Basi akaanza kushoto, akikusudia kuligeuza gari mchana.

Rangi ile ilikuwa na kiu. Alisugua kwa fulana kuukuu ya pamba, mlango baada ya mlango, na kijivu kikatoka kwenye kitambaa kama masizi. Chini yake kikajitokeza kijani kizito, kijani cha majani ya mgomba baada ya mvua. Alipaka nta, akasubiri ifanye ukungu mweupe, akaipangusa. Aliona uso wake mlangoni, hadi kijinywele cheupe kilichokuwa kidevuni tangu lini hajui. Alikuwa bado anakitafuta kuking'oa alipochovya kitambaa kwenye kopo la kompaundi ili aanze upande wa pili, akasikia bati tupu.

Alikimbia kwa Mzee Kantilal.

"Topista, imekwisha," mzee alisema. "Mzigo umekwama mpakani Malaba. Labda Mbale, dukani kwa Hadijah. Yeye anayo."

Jumamosi alfajiri Afande alifika na tai shingoni. Alitokea upande wa kushoto, akasimama, akavua kofia.

"Eee! Hii ni yangu?"

"Usizunguke kwanza, Afande," Topista alisema.

Mtu aliyelinda magereza miaka ishirini na mitano hukosi kumwona akizunguka ukimkataza. Alizunguka.

"Nyabo, umeniletea magari mawili."

"Kompaundi iko Mbale. Nitamalizia huko huko."

"Basi ingia. Wewe na ndoo zako."

Walipitia Tororo kwa lami, maana Topista alikataa katakata barabara ya vumbi. Kabla ya Tororo kulikuwa na kizuizi, askari wawili, kila mmoja upande wake. Wa kushoto alikuwa na daftari. "Pijo ya kijani," alisema akiandika. "Kijivu," alisema wa kulia. "Kijani, bwana!" "Wewe ni kipofu? Kijivu!" Walibishana juu ya paa la gari hadi wakaamua kubadilishana nafasi, kila mmoja akipitia nyuma. Walipofika walirudia ubishi ule ule, ila sasa kila mmoja akitetea rangi ya mwenzake. Magari saba yalikuwa yamepanga foleni nyuma yao walipoambiwa waondoke.

Huko ndiko dakika zilikoishia. Topista alinunua kopo kwa Hadijah mbio mbio, lakini saa ilikuwa nne kasoro robo.

"Hakuna kusugua," Afande aliamuru. "Nitaegesha kushoto kuelekea nyumba. Wataona kijani tu."

Ilikuwa hesabu nzuri. Nyumba ya akina Nafuna ilikuwa chini ya ukingo wa mlima Wanale, na baraza yake ilitazama njia. Aliegesha vizuri kabisa. Shangazi Eseza, aliyekuwa barazani, alishika kifua kwa kuona gari linaloakisi migomba yake yote. Jambo ambalo Afande hakulijua ni kwamba shangazi wa pili, Racheal, alikuwa shambani akichuma maharage, naye alikuwa anakuja kutoka upande wa pili.

Walikaribishwa ndani, wakapewa viti. Topista alitambulishwa kuwa ni fundi wa gari, na Shangazi Eseza akamtazama kwa mashaka ya mtu asiyewahi kuona mchumba aliyekuja na fundi. Nyuma ya pazia, shangazi wakanong'ona, ila walikuwa wanawake wa sauti kubwa.

"Ni mtu wa mali. Gari jipya, linang'aa kama sahani!"

"Eseza, lile kopo? Lile limetoka vitani!"

"Nimeliona kwa macho yangu!"

"Na mimi nimeliona kwa yangu! Kama anakuja kuchumbia na kitu kile, mtoto wetu atalala njaa."

Pazia likafunguka. Shangazi wote wawili wakatoka nje kwa hasira, mmoja akimvuta mwenzake kwa kanga. Waliposimama mbele ya boneti, kanga ikaachiwa. Mstari ulipita katikati, umenyooka kama wa rula.

Nafuna alitokea jikoni akipangusa mikono. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye macho ya mwalimu aliyesoma barua nyingi za uongo kutoka kwa wazazi. Alilizunguka gari mara moja. Akalizunguka tena, na safari hii alianza kucheka, akalazimika kushika kioo cha pembeni asianguke.

Afande alikuwa amesimama mlangoni, jasho likimtoka chini ya tai. Topista aliona ni wajibu wake kusema.

"Kosa ni langu, mwalimu. Kompaundi iliniishia."

"Nilitaka kuficha upande mmoja," Afande alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na amri ndani yake. "Huo wa kijivu ndio nimeendesha miaka yote. Huu mwingine hata mimi tumejuana leo asubuhi."

Nafuna alifuta machozi. "Na huo uliobaki nani ataumaliza?"

"Fundi," Afande alisema.

"Fundi amefanya nusu yake."

Ilichukua muda kidogo aelewe. Kisha Afande Gaster alivua koti, akamkabidhi Shangazi Eseza, akakunja mikono ya shati. Topista alisogeza gari kivulini, akaliosha upya, akampa fulana.

"Kidogo tu kwenye kitambaa. Nenda mstari ulionyooka, usizungushe. Pale penye kona usikaze, rangi ni nyembamba."

Alikaza. Mtu huyu hakujua kufanya jambo lolote taratibu, na kwenye ukingo wa mudigadi, juu ya gurudumu, alisugua hadi bati likachungulia, alama ya ukubwa wa ukucha. Topista alifumba macho kwa uchungu. Lakini Nafuna alikuwa ameleta kigoda, ameketi karibu, anamwuliza Afande habari za Lira, na Afande anajibu huku akipumua kwa shida. Kijani kilitokea mlango baada ya mlango. Majirani wakaja kuangalia. Shangazi Racheal aliuliza kama dawa ile inatoa masizi ya sufuria, akajaribu mwenyewe, akapotea jikoni na robo ya kopo.

Chakula kilipoandaliwa, mkono wa kulia wa Afande ulikuwa umechoka kwa kusugua kiasi kwamba kila kipande cha malewa, yale machipukizi ya mianzi, kilianguka njiani. Nafuna alimsogezea bakuli karibu na kidevu. Shangazi wawili wakatazamana.

"Alete wazee wake mwezi ujao," alisema Racheal, ambaye ndiye aliyekuwa na pingamizi.

Jioni walirudi Jinja. Topista alikuwa na maagizo ya kurudi Mbale kwa magari matatu ya majirani, na harufu ya nta kwenye kucha zote kumi. Afande aliendesha pole pole mno. Kila walipopita duka lenye kioo kikubwa aligeuza shingo yote kulitazama gari lake likipita, hadi Topista akamwomba, kwa heshima zote, atazame barabara.