Bakuli la Bi Hilda

Kli. Sauti ilitoka jikoni, ndogo, kama kifuniko cha udongo kilichonyanyuliwa kidogo kikaachiwa. Bibi Khole alifungua macho. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Alitulia, na baada ya pumzi tatu nne ikaja tena. Kli.

Alijitanda mtandio wake mweupe wa kusalia, akaenda jikoni huku mkono mmoja ukipapasa ukuta. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na nusu. Alipowasha taa hakuona kitu. Kabati la juu lilikuwa limefungwa vilevile alivyolifunga mwenyewe. Akalifungua. Bakuli la Bi Hilda lilikaa mahali pake, pana, la kahawia, kifuniko chake kina pengo dogo ukingoni.

"Nimekusikia," akaliambia kwa upole. "Nnajua."

Ulikuwa mwezi wa tano sasa tangu familia irudi Maskati, na tangu wiki ya kwanza sauti ile haikukosa hata alfajiri moja. Mwanawe Yaqdhan alisema ni kiyoyozi kinachotikisa kabati. Wakakizima, wakalala kwa joto, na sauti ikaja. Restituta, mama wa watoto wawili aliyetoka Bukoba kuja kufanya kazi za nyumba hapo mtaani Khuwair ya Kusini, alikunja kitambaa akakitia kati ya bakuli na kifuniko chake. Sauti ikaja.

"Bi Mkubwa," Restituta alimuuliza siku hiyo wakimenya vitunguu, "hili bakuli ulinunua wapi?"

"Sikununua. La jirani yangu wa Uingereza."

"Alikuzawadia?"

"Hakunizawadia. Nliondoka nalo."

Restituta aliweka kisu chini. "Kwa hiyo umemwibia Mzungu."

"Sikuiba, mwanangu. Nlishindwa kulirudisha tupu."

"Na Mzungu anajua hayo mambo ya kutorudisha chombo kitupu?"

"Anajua. Nlimfundisha mimi."

Restituta alicheka, lakini Bibi Khole hakucheka naye. Alikuwa akiangalia kabati.

Miaka sita walikaa huko Uingereza, Yaqdhan akiwa daktari katika hospitali ya mji, na nyumba wakapanga nje ya mji, kwenye njia nyembamba yenye nyumba saba tu, na ua wa miti iliyokatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa shule. Kabla ya hapo Bibi Khole hakujua kwamba kimya kinaweza kuwa na uzito. Asubuhi mwanawe, mkewe na mjukuu wakishaondoka na gari, kilichobaki ni mvua, farasi wawili wa shamba la jirani, na kengele ya kanisa upande wa pili wa malisho. Watu walikuwa wema, lakini wema wao ulisimama nje ya mlango. Mwenye shamba alizoa theluji kwenye ngazi ya mlango wa Bibi Khole asubuhi moja kabla Bibi hajaamka, akaenda zake bila kugonga. Waliompita njiani na mbwa wao walisema habari ya hali ya hewa, wakatabasamu, wakapita. Mwezi wa kumi na mbili giza liliingia saa kumi za jioni, na kila dirisha likafungwa pazia lake. Mtu angeweza kufa mle ndani, na wa kwanza kujua angekuwa mchukua taka, siku yake ya Jumatano.

Dirisha la jiko la Bi Hilda lilitazamana na lake, juu ya ua. Alikuwa mjane, mkubwa kuliko Bibi Khole kwa miaka kumi, na usingizi ulikuwa umemkimbia tangu mumewe afariki. Bibi Khole alipoamka kwa sala ya alfajiri na kuwasha taa ya jiko, upande wa pili taa ilikuwa inawaka tayari. Ndipo Bi Hilda alipomwinulia kikombe chake cha chai, naye akamwinulia mkono wenye tasbihi. Hawakuwa na lugha ya pamoja zaidi ya maneno ishirini. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, na kwa siku nyingine ilikuwa salamu pekee aliyoipata nje ya nyumba yake.

Halafu likaja bakuli. Mara ya kwanza Bi Hilda alilileta lina matufaha yaliyookwa, juu yake unga na sukari. Kwa mkono mwingine alishika karatasi tupu ya siagi aliyoipikia, ili Bibi Khole amwonyeshe mjukuu aisome, wajue hakuna mafuta ya nguruwe ndani. Bibi Khole hakuwahi kuisahau karatasi ile. Alilirudisha bakuli lina kaimati. Bi Hilda akalirudisha lina keki. Likaenda na visheti, likaja na supu. Miaka sita bakuli lilivuka ua ule, na halikuvuka tupu hata siku moja.

Kisha Yaqdhan akapata kazi nyumbani, na mambo yakaenda mbio. Masufuria yalitangulia kwa meli. Siku mbili kabla ya safari Bi Hilda alileta bakuli lina matufaha, yaleyale ya siku ya kwanza, na Bibi Khole akabaki katika jiko lisilo na hata kijiko. Yaqdhan alimwambia atie biskuti za dukani. Alitahayari kwa wazo lenyewe. Kwenda bila bakuli aliona haya, na kwenda na bakuli tupu aliona haya zaidi, basi hakwenda. Alilifunga kwa kanga, akalitia kwenye sanduku, akajiambia atalirudisha kwa njia yoyote. Gari lilikuja alfajiri. Taa ya Bi Hilda ilikuwa inawaka. Bibi Khole aliinamisha kichwa, akapita.

Sasa hicho ndicho kilichomwamsha kila siku. Namba ya simu hakuwa nayo, maana jirani wa dirisha hahitaji namba. Alihofia jambo moja tu, kwamba mmoja wao atakufa kabla bakuli halijarudi, na Bi Hilda aende akiamini kwamba yule mama wa jirani hakujali hata kumuaga.

Mwezi wa tisa mjukuu wake Muhsina alikuwa akirudi Uingereza kusoma chuo. Siku ya safari Bibi Khole alikaa jikoni tangu asubuhi, akakanda, akakata, akakaanga visheti, akavitia shira. Restituta alimsaidia kulifunga bakuli kwa taulo mbili.

"Bibi, hizi ni kilo tatu," alisema Muhsina. "Nitaacha viatu?"

"Acha viatu. Miguu yako nnaiamini."

Usiku ule bakuli liliondoka, na Bibi Khole alilala akiwa mwepesi.

Kli.

Alikaa kitandani. Alisubiri, akitumai ni ndoto. Kli. Alipofika jikoni alimkuta Restituta amesimama na kanga begani, mkono kwenye msalaba wake mdogo wa shingoni. Kabati lilikuwa wazi. Mahali pa bakuli palikuwa na duara tu la vumbi.

"Umesikia?" akauliza Bibi Khole.

"Nimesikia, Bi Mkubwa."

Restituta alitandika mswala karibu na mlango wa jiko, akakaa naye kwenye kiti kwa utulivu mpaka Bibi Khole akasali na kukakucha. Bibi Khole aliuweka wema ule moyoni pamoja na karatasi ya siagi.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana simu ya Yaqdhan ililia. Alikuwa Muhsina, kwa picha. Nyuma yake Bibi Khole aliiona njia ileile, imelowa, kimya, na ua uliokatwa sawasawa.

"Bibi, nimefika. Yuko hai."

"Alhamdulillah," alisema Bibi Khole, na machozi yakamtoka kabla hajayazuia.

Uso wa Bi Hilda uliingia kwenye simu, umekonda, nywele chache nyeupe. Mikononi alipakata bakuli. Alizungumza muda mrefu.

"Anasemaje? Mbona hunitafsirii?"

"Bibi, labda umri umemchanganya."

"Nambie alichosema."

Muhsina alitafsiri. "Anasema ungelileta mwenyewe. Anasema kila siku unakuja."

Yaqdhan alitaka kuichukua simu, lakini mama yake aliishika kwa mikono miwili. "Endelea."

"Anasema taa ya jiko lenu inawaka, nawe umesimama dirishani na mtandio mweupe. Anakuinulia kikombe, lakini humwangalii. Umeinamisha kichwa. Basi anagonga kikombe kwa kijiko, mara moja, anasubiri, anagonga tena. Nawe hugeuki."

Mlangoni Restituta aliacha kufuta sahani.

"Nionyeshe dirisha letu," alisema Bibi Khole.

Muhsina aligeuza simu. Nyumba yao ya zamani haikuwa imepata mtu. Bango la kupangisha lilikuwa limepinda kwa upepo. Jiko lilikuwa tupu, bila pazia wala taa, na hata balbu ilikuwa imetolewa.

"Muulize ni saa ngapi ananiona."

Muhsina aliuliza. "Saa saba na nusu, usiku wa manane. Huwa halali."

Bibi Khole alihesabu kwa vidole, kama alivyofundishwa kuhesabu tofauti ya saa za kwao na za huko. Saa nane na nusu. Saa tisa na nusu. Saa kumi na nusu. Vidole vitatu. Akavikunja polepole, akavifunika kwa mkono wa pili.

"Nirudishie uso wake," alisema.

Bi Hilda alitokea tena. Alikuwa ameketi jikoni kwake, bakuli liko wazi mbele yake, na shira imemganda kwenye kidole. Bibi Khole aliinua mkono wake wenye tasbihi, juu, mpaka ukajaa kwenye picha. Hakuinamisha kichwa. Upande wa pili yule mzee alimtazama muda mrefu, kisha akatafuta kikombe chake, akakiinua.

Akasema kitu, taratibu, akiwa ameikaribia simu. Sauti ya Muhsina ilikuja chini sana.

"Anasema asante kwa visheti. Anasema kesho uje tena, Bibi. Usiache kuja."