Mashahidi wa Halua

Mji wa Ibra ulikuwa ushapotea kwenye kioo na Rahila bado amegeuka nyuma, anagonga dirisha la pikapu kwa pete yake. "Halua! Kaa chini, baba! Kaa!"

Halua hakukaa. Alisimama juu ya magunia matupu, masikio yamelazwa na upepo, ulimi nje, na Ghanim, Bedui wa Sinaw, kajifunga kilemba mpaka puani, kamshika ukosi kama mtu aliyeshikishwa bwana harusi.

"Kaza mguu, kaka Sleyum," Rahila akaniambia. "Ofisi za Nizwa zinafunga adhuhuri."

"Nikikaza zaidi tutafika sisi, gari itafuata baadae."

Akacheka. Tangu alfajiri alikuwa vile, hakai akatulia, na mimi kanitia moto huo huo.

Ilikuwa mwaka wa thamanini na sita. Rahila ni mtoto wa mama yangu mdogo, tulitoka sote Unguja tukaja Omani. Mumewe alipofariki akarudi kukaa kwa kaka yake Nadhir, pale Ibra, na kukaa bure akakataa. Akanunua mbuzi, akawa anawalisha nje ya mji kwenye mawe, na mlinzi wao Halua. Mama yake Halua alikuwa saluki, mbwa wa kuwindia wa Mabedui, mwembamba kama ufito. Baba yake jimbwa la Kijerumani la mhandisi wa kambi ya mafuta. Katoka yeye na miguu ya mama, kifua cha baba, na rangi ya halua iliyokolea moto.

Tatizo nyonga. Nadhir alifuga ndugu yake Halua wa tumbo moja, na yule kabla hajafika miaka mitatu miguu ya nyuma ikamwishia. Nadhir akambeba mikononi kwa madaktari mpaka Maskati, na mbwa akafa. Basi Nadhir akasema, "Mimi sirudii. Niletee karatasi yenye muhuri, inayosema huyu akiugua yuko wa kumtibu. Huna, Alhamisi nampeleka soko la Sinaw, amchukue Bedui yeyote."

Siku hiyo ya safari ilikuwa Jumatano. Bila mbwa hakuna mbuzi, na bila mbuzi Rahila atakula kwa mkono wa kaka yake maisha.

Nani aliyesikia bima ya mbwa? Mimi. Mtu wa barabarani husikia mengi. Nizwa alikuwapo kijana mmoja, Khelef, aliyekulia Bujumbura, akiuza bima za magari, na kampuni yake ilikuwa ikiwakatia bima Wazungu kwa farasi na mbwa wao. Nilipomwambia Rahila, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mashahidi."

"Mashahidi wa nini?"

"Umesahau tulipokuja? Nani alitupa karatasi za uraia mpaka alipopatikana mzee wa kusema huyu binti fulani, wa fulani, wa kabila fulani? Nchi hii ukoo ndio karatasi. Siendi mikono mitupu."

Ndiyo maana Ghanim yuko nyuma: mama yake Halua alikuwa wake. Na Bidbid, pale njia panda, tukamchukua Bimdogo, aliyekuwa mpishi kule kambini kwa mhandisi, na baba wa Halua kamlisha yeye.

"Shikamoo, Bimdogo."

"Marahaba. Mbwa yuko wapi?"

"Nyuma."

"Abaki huko huko. Nna udhu, na maji ya kujiosha mara saba sina." Kisha akazunguka nyuma kutazama. "Loo! Baba mtupu! Hebu tazameni kichwa hicho!"

Njia nzima Rahila akawa anamfundisha. "Ukiulizwa, useme yote."

"Mwanangu, mimi nikiulizwa nishawahi kubakisha?"

Tulipofika Birkat al Mauz, Ghanim akapiga paa la gari, tukasimama kwenye migomba mbwa anywe maji ya falaji, mfereji wa mashamba. Bimdogo akanunua ndizi, akala zote peke yake. Tukaingia Nizwa jua limepanda, Rahila kashuka gari haijasimama.

Khelef alikuwa kijana mpole, kanzu imenyooka kama karatasi. Akatukaribisha viti, akatueleza. "Kuna plani tatu. Ya kwanza ajali tu: akigongwa, akivunjika. Ya pili ajali na ugonjwa, lakini kila ugonjwa unatibiwa mwaka mmoja, mwaka ukisha basi. Ya tatu ya maisha. Ni ghali, lakini ugonjwa ukimwanza akiwa ndani ya bima hiyo, anatibiwa mpaka mwisho, mradi kila mwaka unalipa."

"Nyonga ikiugua, inaugua mwaka mmoja?" akauliza Rahila. "Niandikie ya maisha!"

"Ngoja, Bi Rahila. Aina?"

"Chotara."

"Wazazi..." Khelef akanyanyua macho. "Niandike hawajulikani, eeh? Machotara wengi hawajulikani."

Rahila akasimama. "Hawajulikani? Huyu kaokotwa jaani?"

"Sikusema hivyo, nimesema tu si lazima..."

"Ghanim! Taal! Njoo useme!"

Ghanim akanikabidhi mbwa pale mlangoni, akaingia, kashika mpini wa jambia, akaanza kwa Kiarabu, sauti ya mtu anayeposa. Halua mwana wa Shahba, Shahba binti Rimu, Rimu binti Barqa. "Rimu alikuwa akimfikia paa vumbi halijanyanyuka! Macho yakamwingia ukungu ujanani, kama mama yake Barqa, na wote wawili wakaendelea kuwinda kwa pua, wallahi!"

Khelef akaandika.

"Na baba yake," akadakia Bimdogo, "nimemlisha kwa mkono wangu huu. Mbwa wa adabu! Lakini nyonga, bwana wee! Anainuka kama kizee kinachotoka msalani. Na babu yake huko Ulaya vile vile, mhandisi kanambia mwenyewe."

Khelef akaandika. Rahila akanipiga kiwiko. "Unaona? Ukurasa mzima!" Uso umemng'aa. Na mimi nikaona kweli, kazi imekwisha.

Khelef akaweka kalamu. "Macho, upande wa mama. Nyonga, upande wa baba. Maradhi ya kurithi, yamethibitishwa na mashahidi wawili. Hayo kampuni haitibu, katika plani yoyote."



"Kimebaki nini?" nikauliza.

"Masikio," akasema Khelef. "Na mkia."

Bimdogo akapiga paja. "Alaa! Si ungetwambia tunyamaze?"

"Nilitaka kuandika hawajulikani, akanisimamia!"

"Basi futa!"

"Asifute," akasema Rahila. Alikuwa kakaa, na kwa mara ya kwanza siku ile mikono yake haikucheza. "Yote waliyosema kweli. Mimi nimehangaika nipate kusema baba yangu fulani, babu yangu fulani. Leo nimkane baba wa huyu ili apate muhuri? Hapana. Tafuta njia nyingine, Khelef. Hicho kitabu ni kinene, hakiwezi kuwa na hapana tu."

Khelef akakifungua kitabu cha kampuni, zile herufi ndogo ndogo, kidole kinatembea. Mara kidole kikasimama. "Hii hapa! Daktari wa mifugo akimtazama siku ile ile ya kukata bima, akatia saini kwamba mbwa hana dalili, ugonjwa wa kurithi unaingia kwenye plani ya maisha. Lakini leo leo."

"Yuko wapi daktari?"

"Bondeni, karibu na wadi. Na anafunga sasa hivi!"

Yakhe, tulitoka mle kama nyumba inaungua. Khelef kafunga ofisi, karuka nyuma ya pikapu na kanzu yake nyeupe, kakaa na mbwa. Bimdogo anapiga kelele, "Kata hapa! Kata hapa!" na Nizwa haijui. Tukamkuta daktari, Msudani mrefu, ufunguo ushaingia mlangoni. Rahila akasimama kati yake na mlango.

Daktari akamsikiliza, akachutama, akamkunja Halua mguu mmoja, wa pili, akabonyeza nyonga. Halua akamramba ndevu. "Kwa mkono sihisi kitu," akasema. "Lakini nyonga iliyolala haisemi. Nataka nimwone akikimbia."

Wadi, ule mto wa msimu wa mvua, ilikuwa kavu, mawe matupu. Ng'ambo lori lilikuwa likishusha mbuzi. Mmoja akaruka pembeni, wenzake wakamfuata, mara wametapakaa wadi nzima na mwenyewe anawatukana mababu zao. Ukosi ukamchomoka Ghanim mkononi.

Halua aliondoka kama jiwe la teo. Hakuwafuata nyuma, alizunguka kwa mbali, akawatangulia, akageuka kwa mguu mmoja, mawe yakaruka. Akapanda ukingo, akashuka kwa mruko mmoja. Ghanim anamwita kwa mlio wa wawindaji. Rahila anakimbia wadini, buibui kalikusanya magotini, "Halua! Halua wangu!" Bimdogo kasahau udhu, anapiga vigelegele. Khelef kapanda juu ya jiwe, anapiga makelele kama yuko kiwanjani, "Geuka kushoto! Kushotooo!" na Halua akageuka kushoto kweli. Mimi sauti ilinikauka siku mbili. Mwisho mbuzi wote wako mbele yake, wamefungana kama tonge, anawaleta kwa lori taratibu, hakumgusa hata mmoja.

Daktari alikuwa anacheka peke yake. "Mwenye nyonga mbovu hageuki vile. Lete karatasi."

"Na macho?" akauliza Rahila, pumzi juu.

"Kifaa cha kutazamia ndani ya jicho sina. Nisichokiona sikitii saini."

Khelef akagonga muhuri pale pale juu ya boneti, ya moto mpaka alikuwa akirusha mikono. Plani ya maisha. Nyonga zimo, macho hayamo.

Tulifika Ibra Nadhir katoka kuswali alasiri, kakaa barazani. Akaisoma karatasi kwa kidole, mstari mstari, na Rahila kasimama mbele yake kama anayesubiri hukumu.

"Nyonga zimo."

"Zimo."

"Macho hayamo."

"Macho ninayo mimi," akasema Rahila. "Nitamwazima."

Nadhir akamtazama mbwa, kisha akaikunja karatasi, akamrudishia. "Kesho nakwenda Sinaw," akasema.

Rahila akamshika Halua ukosi.

"Kununua majani ya mbuzi. Nani anataka kitu?"

Nyonga za Halua zilianza kumuuma alipofika miaka minane. Kampuni ikamtibu, kwa kuchelewa chelewa, mpaka alipokufa, na amezikwa karibu na zizi. Macho hayakumuugua hata siku moja. Rahila bado ana mbuzi. Nadhir anafuga mtoto wa Halua, na hajamkatia bima. Ghanim alifia Sinaw. Bimdogo alihamia Maskati kwa mwanawe. Khelef aliacha bima, anauza matairi Bidbid. Daktari alirudi kwao. Pikapu niliiuza mjini Sur, na mimi nikaondoka kwa basi.